Bunduki ya Kuwindia: Jina la Chapa Halitoshi

Kila mwindaji huisifu chapa yake. Wawindaji wengi wa nyati husifu bunduki za muundo wa Mauser wa mwaka 1898, kwa kuwa ukucha wa komeo lake huishika risasi tangu inapotoka kwenye kasha hadi inapoingia mtutuni. Wengine huipendelea Remington 700, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, kwa shabaha yake.

Maoni hayo yana uzito, lakini hayatoshi. Mwezi Aprili 2014, kampuni ya Remington yenyewe iliwataka wateja waache kutumia bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro zilizotengenezwa tangu Mei 2006, kwa kuwa zingeweza kufyatuka bila kukusudiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, hasa bunduki iliyokwisha kutumika, tunakushauri ulinganishe namba yake na matangazo ya mtengenezaji, na umwombe fundi mwenye leseni akague kifyatulio na kizuizi cha usalama. Hata chapa ikiwa maarufu namna gani, mtutu usielekezwe kwa mtu.