Kutu, Bolti na Boneti Iliyogoma

Je, wajua kwamba chini ya Detroit, jiji la Marekani lililotajirika kwa magari, kuna mgodi wa chumvi? Uko yapata mita 350 chini ya ardhi, na majira ya baridi chumvi yake humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Jiji linalounda magari limekalia kitu kinachoyala.

Ili kuona chumvi inavyoyala magari, itazame pikapu ya Chevrolet 3100, toleo lililoanza 1947 na kuisha 1955. Kitasa cha boneti kiko mbele kabisa, juu ya rejeta, mahali ambapo maji, tope na chumvi vinavyorushwa na magari mengine hupiga moja kwa moja. Pini, springi na ndoano ya usalama vimeshikwa na bolti nyembamba. Grisi ya miaka mingi imenasa vumbi, na vumbi hilo halikauki upesi. Mafundi wa Mombasa na Tanga wanaijua hali hii bila kuona barafu, kwa sababu upepo wa bahari nao hubeba chumvi.

Wengi hudhani kutu ni gundi. La, ni kabari. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka oksidi, na oksidi hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa: mara mbili kwa uchache, na zaidi sana ikiwa imenyonya maji. Kati ya meno ya bolti na meno ya nati mna mwanya mdogo mno, haufiki hata nusu milimita. Kutu ikishaujaza, husukuma pande zote. Kazi ya chumvi ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, maana chuma huliwa na mikondo midogo ya umeme inayopita juu yake.

Ndiyo maana, boneti ikigoma na bolti za kitasa zikitaka kufunguliwa, nguvu peke yake hushindwa. Ukiongeza bomba kwenye spana na kuvuta, kabari haitoki. Bolti ndiyo hukatika shingo. Kinachotakiwa ni kuipasua kutu, kisha kupitisha mafuta kwenye nyufa zake. Fundi makini huanza na brashi ya waya, asafishe meno yaliyo nje, kwa kuwa nati italazimika kupita hapo. Kisha hutia mafuta ya kupenya na kuyaacha usiku kucha.

Hapo wengi hunyoosha mkono kwenye kopo la WD-40. Mchanganyiko huo ulitengenezwa San Diego mwaka 1953, ukatumika kukinga ngozi ya kombora la Atlas dhidi ya kutu. Kazi iliyokusudiwa ni kufukuza maji, na namba 40 ni ya jaribio lililofaulu. Kwa nati iliyokufa kutu, mafuta yaliyoundwa mahususi kwa kupenya ni bora.

Asubuhi, kichwa cha bolti kigongwe kwa nyundo, mapigo mafupi, ili mtikisiko uvunje kutu. Halafu, kabla ya kulegeza, kaza kidogo! Ikisogea hata unywele mmoja, nenda rudi, ukiongeza mafuta kila mara.

Ikikataa, moto. Chuma kikipata joto la nyuzi 500 zaidi, tundu la nati la milimita 8 hupanuka kwa takriban milimita 0.05. Ni kidogo, lakini kwa mwanya ule inatosha. Elekeza moto kwenye nati, si kwenye bolti, na uhakikishe hakuna petroli, mpira wala grisi karibu. Inapoanza kupoa, gusisha mshumaa: nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya meno.

Na kichwa kikikatika? Chomelea nati mpya juu ya kisiki kilichobaki. Joto la kuchomelea hulegeza kutu, na nati hiyo hukupa pa kushikia spana. Bolti mpya zikifungwa, zipakwe grisi ya shaba kwenye meno kabla kitasa hakijakazwa.