Pikipiki Ikilia, Ina Neno la Kukuambia
Mashauri kwa wenye pikipiki wa Kitui na Makueni

Mfuga nyuki wa Kitui hana haja ya kufungua mzinga ili ajue kama nyuki wamo. Huugonga kidogo, akatega sikio, na uvumi autokao ndani humweleza habari. Ujuzi wa namna hiyo yafaa awe nao kila mtu mwenye pikipiki, kwa maana mara nyingi chombo hiki hakivunjiki kwa ghafula. Hulia kwanza.

Siku hizi pikipiki ndogo za Bajaj na TVS zimeenea hata katika vijia vya Mbooni na mapito ya Ikutha. Hubeba maembe, ndengu, mitungi ya maji, na hata wagonjwa. Lakini nchi yetu ni ya vumbi, na mito kama Tiva na Kaiti huwa mchanga mtupu kwa muda mwingi wa mwaka. Mchanga huo ukiingia katika cheni, breki na beringi, hula chuma kama tupa.

Basi usikiapo mlio mgeni, jiulize kwanza: Je, mlio huu wafuata injini au wafuata magurudumu? Simamisha pikipiki, itoe katika gia, kisha vuta mafuta kidogo kidogo. Mlio ukizidi, ugonjwa umo katika injini au eksozi. Ikiwa hausikiki mpaka pikipiki iondoke, tazama cheni, breki na magurudumu. Jaribio hili halina gharama, nalo huondoa kazi nyingi ya kubahatisha.

Mlio wa kwa-kwa-kwa upande wa nyuma, hasa unapoachia mafuta, mara nyingi ni wa cheni iliyolegea. Zima injini, kisha ipandishe na kuishusha cheni kwa kidole katikati ya meno ya mbele na ya nyuma. Katika pikipiki nyingi za namna hii cheni hutakiwa kucheza kama sentimita 2 hadi 3; kipimo halisi kimo katika kitabu cha pikipiki yako. Zungusha gurudumu kwa mkono na kupima mahali kadha wa kadha, kwani cheni iliyochakaa hulegea hapa na kukaza pale. Usiikaze mno, usije ukaharibu beringi. Wala usitie oili cheni huku injini ikiizungusha: kidole kikinaswa kati ya cheni na meno hukatika mara moja.

Mngurumo unaoongezeka pamoja na mwendo wa gurudumu huenda ukawa ni wa beringi. Inua gurudumu, ulishike juu na chini, ulitikise kwa upande. Likicheza, lipeleke kwa fundi. Breki nayo ikitoa sauti nyembamba asubuhi, huenda ni vumbi au umande tu. Bali ikisaga, fahamu kwamba mapande yanayobana gurudumu yamekwisha na chuma chasugua chuma. Mtu asiteremke milima ya Mbooni na abiria akiwa na breki kama hiyo.

Katika injini, mna milio mitatu ya kujulikana. Wa kwanza ni tik-tik nyepesi kichwani mwa injini, mfano wa cherehani. Huo kwa kawaida ni wa valvu zilizo na nafasi kubwa mno. Fundi huzipima injini ikiwa baridi, kwa vijibamba vyembamba vya chuma, maana nafasi yake ni sehemu za mia za milimita. Lakini jihadhari na fundi anayezikaza mpaka injini ikawa kimya kabisa. Valvu isiyo na nafasi haifungi sawasawa, nayo huungua. Ukimya nao waweza kuwa ugonjwa.

Wa pili ni mlio mkali kama wa kokoto ndani ya debe, usikikao unapopanda mlima kwa gia kubwa na mzigo mzito. Hapo petroli inalipuka vibaya ndani ya injini. Shusha gia, punguza mzigo, wala usinunue petroli ya chupani usiyoijua asili yake. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta mlio huohuo, na hatimaye yaweza kutoboa pistoni.

Wa tatu ni mgongo mzito wa chini, mfano wa mchi katika kinu. Tuseme kijana ametoka Ikutha kwenda Kibwezi na abiria mmoja na gunia la ndengu. Ausikia mlio huo, naye asema moyoni, "Nitafika tu." Huenda beringi ya mkono wa pistoni imekwisha. Akiendelea, injini yaweza kukwama, gurudumu la nyuma likafunga, na wote wawili wakatupwa barabarani. Akizima injini papo hapo, hasara yake ni kazi ya siku chache na ujira wa fundi. Tena pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo. Injini huvunjika, lakini deni halivunjiki.

Kwa hiyo, tazama oili kila asubuhi kabla ya kuondoka, na usikilize injini kwa dakika chache kabla ya kumpakia mtu. Ukisikia jambo, liandike katika daftari: lilianza lini, injini ikiwa baridi au moto, mlimani au tambarare, na kama hukoma ushikapo klachi. Fundi mwema atakushukuru, na fundi mdanganyifu atakuogopa.

Wazee walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye pikipiki naye asingoje mvua imnyeshee ndipo atazame juu.