Fidhuli, Mshenzi na Soni: Historia ya Maneno ya Utovu wa Adabu

Kila jamii ina maneno ya kumhukumu mtu asiye na adabu, na asili ya neno huonyesha ni kosa gani hasa linalohukumiwa. Neno la Kiingereza rude lina asili ya Kilatini, rudis, na lilipitia Kifaransa. Hapo awali lilieleza kitu kighafi, kisichochongwa. Likaja kumhusu mtu asiyeelimika, na hatimaye mtu mkosefu wa adabu. Kwa asili yake, basi, neno hilo humlaumu mtu kwa alikolelewa kabla ya kumlaumu kwa alilolitenda.

Kiswahili nacho kina neno la namna hiyo. Katika karne ya 19, watu wa pwani waliojihesabu kuwa waungwana waliwaita watu wa bara washenzi. Leo neno mshenzi ni tusi linaloweza kumwangukia mtu yeyote, mwenye asili ya pwani au bara, lakini bado limebeba dharau ya mahali.

Neno fidhuli, ambalo wengine hulitamka fedhuli, lina historia tofauti. Linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzidi au kubaki kwa ziada. Mzizi huohuo umekipa Kiswahili maneno fadhila, fadhili na afadhali. Fadhila ni wema uliopita kiasi cha wajibu. Afadhali ni kile kinachokizidi kingine kwa ubora. Ziada hiyohiyo ikielekezwa pasipostahili huzaa ufidhuli. Kwa Kiarabu, fudhuli ni mtu ajiingizaye katika jambo lisilomhusu. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu hulitumia neno hilo kwa mtu auzaye mali ya mwenzake bila idhini: Wahanafi na Wamaliki huisubirisha bei hiyo hadi mwenye mali aridhie, ilhali kauli yenye nguvu kwa Washafii ni kwamba bei ni batili. Katika Kiswahili maana ikasogea, kutoka kuvuka mpaka wa mali na shughuli za watu hadi kuvuka mpaka wa heshima yao.

Neno la tatu, soni, ni la Kibantu, na maana yake ni haya. Ndugu zake ni thoni ya Kikikuyu, nthoni ya Kikamba, ensonyi ya Kiganda na chinsoni ya Kigusii. Kwa Wagusii, chinsoni ni kanuni za staha zinazotawala uhusiano wa watu, hususan baina ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto. Kwa mtazamo huu, asiye na adabu ni yule asiyejua amesimama mbele ya nani.

Tofauti hizi zina uzito katika mahali kama Kemambo, mkoani Mara, ambako Kikuria, jirani wa karibu wa Kigusii, hukutana na Kiswahili. Malcolm Ruel, katika utafiti wake wa mwaka 1962 kuhusu vizazi vya Wakuria, alionyesha jinsi mpangilio wa vizazi unavyoongoza heshima: vizazi vinavyofuatana hutunziana staha, ilhali babu na mjukuu huruhusiana utani. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, umelivutia eneo hilo watu wa lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Chukua mfano wa mnunuzi dukani asemaye, “Nipe chumvi.” Msikilizaji aliyezoea “Naomba chumvi” huweza kumwita fidhuli papo hapo, na kuunga mkono utani wa siku nyingi kwamba Kiswahili cha watu wa Mara ni kikali. Hata hivyo, mnunuzi huyo hajaingilia haki ya mtu yeyote, na huenda amechunga kila kanuni ya soni aliyofundishwa nyumbani kwao. Kilichopungua ni pambo la sentensi tu. Anayemwita fidhuli amelitumia neno hilo kwa maana ya mshenzi: amehukumu mahali, si tendo.

Hivyo basi, mwanafunzi wa lugha anapopima adabu ya msemaji hana budi kuuliza kwanza ni mpaka gani uliovukwa, na uliwekwa na nani. Pasipo swali hilo, anayemcheka mwenzake kwa lafudhi na sarufi yake ndiye anayekaribia zaidi maana ya kale ya fidhuli.