Nani Atamtunza Mzee? Upatanishi wa Mahakama na Lugha ya Mapatano

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Watoto wanapogombania matunzo ya mzazi mkongwe, nyasi ni mzazi mwenyewe. Makala haya yanafafanua namna mahakama za Kenya zinavyoielekeza familia ya aina hiyo kwa mpatanishi, na nafasi ya lugha katika shughuli hiyo.

Msingi wake umo katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa familia na Serikali. Kifungu cha 159 nacho kinazitaka mahakama ziendeleze njia mbadala za kutatua migogoro, upatanishi ukiwamo. Utaratibu huu ulianza kwa majaribio mwaka 2016 katika vitengo vya Familia na Biashara vya Mahakama Kuu jijini Nairobi, kisha ukaenezwa kwingineko.

Aghalabu mzozo hufika mahakamani kwa sura nyingine: ombi la kusimamia mali ya mzazi aliyepoteza kumbukumbu, au kesi ya shamba. Kesi huchujwa, na ikifaa, hupelekwa kwa mpatanishi aliyeidhinishwa. Yasemwayo kikaoni ni siri. Wahusika wakiafikiana, mapatano huandikwa, hutiwa sahihi na kuwasilishwa mahakamani yawe amri. Wasipoafikiana, kesi huendelea mahakamani.

Hapa istilahi zahitaji uangalifu. Nchini Kenya, upatanishi hutofautishwa na usuluhishi, ambapo msuluhishi hutoa uamuzi. Nchini Tanzania, hata hivyo, jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi laonyesha kuwa usuluhishi ni kazi ileile ya kupatanisha, nao uamuzi ni jambo jingine. Familia isiyoelezwa tofauti hii huenda ikaketi kungoja hukumu, ilhali mpatanishi hana hukumu ya kutoa.

Chukua mfano wa mama mwenye watoto watatu. Kitinda mimba anaishi naye kijijini, humwogesha na kumpeleka kliniki. Wa pili hutuma pesa kutoka mjini na kudai hesabu. Kifungua mimba ataka shamba liuzwe. Baada ya saa kadhaa wanaafikiana kwamba "mama atatunzwa vyema". Sentensi hiyo ni sanifu, lakini kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Nani atatunza? Kwa kiasi gani, na kufikia tarehe gani? Mapatano yenye manufaa humtaja kila mtenda: fulani atampeleka kliniki, fulani atalipia dawa, fulani atahifadhi hatimiliki.

Isitoshe, katika sentensi ile mama ni mtendwa tu. Pengine hataki kuhamia mjini wala shamba liuzwe. Maadamu angali anaweza kueleza matakwa yake, hana budi kuulizwa, tena kwa lugha aielewayo barabara.

Upatanishi haufai kila mahali. Mzee anayepigwa au kuporwa ahitaji ulinzi wa sheria kwanza, si kikao cha maelewano na anayemdhulumu.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kuwa sarufi hukoma darasani. Mapatano yasiyomtaja mtenda huweza kumwacha mzee bila dawa, huku kila mtoto akiamini kuwa zamu ni ya mwenzake.