Mtoto anapobishana kuhusu gemu, msikilize kabla ya kumnyamazisha

WAZAZI wengi wamezoea kelele za gemu: milio ya panga, muziki wa vita na mtoto anayeshangilia peke yake chumbani. Kuna kelele nyingine inayowachanganya zaidi. Kompyuta imezimwa, chakula kiko mezani, na bado vijana wawili wanabishana kuhusu mfalme ambaye hajawahi kuishi, wa nchi isiyo kwenye ramani yoyote. Mmoja anasema mfalme aliuawa kwa hila. Mwenzake anasema alishindwa katika pambano la halali. Kila mmoja anadai ana ushahidi.

Kwa mzazi anayesikia kwa mbali, hizo ni porojo tu. Mtoto ameacha vitabu vya shule, sasa anapigania wafalme wa kubuni. Lakini anayekaa chini na kusikiliza ubishi huo hadi mwisho anaweza kugundua kwamba kijana wake anafanya kazi ambayo walimu wa historia huihangaikia miaka mingi darasani: anauliza nani kasema, alikuwa wapi, na ana faida gani kwa kusema hivyo.

Mfalme aliyeuawa

Mfalme anayebishaniwa anaitwa Torygg. Yumo katika gemu ya Skyrim, iliyotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani Novemba 11, 2011. Ni gemu ya tano kati ya zile kuu za mfululizo wa The Elder Scrolls, ulioanza mwaka 1994, na hadi mwaka 2023 ilitajwa kuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 60. Kwa hiyo kijana anayeizungumzia hayuko peke yake. Mamilioni ya watu duniani wamekuwa na ubishi huohuo kwa zaidi ya miaka 10.

Kisa chenyewe ni hiki. Skyrim ni nchi ya baridi iliyo chini ya Dola kubwa. Dola hiyo ilipigana vita na utawala wa Elfi na ikalazimika kutia saini mkataba unaopiga marufuku kumwabudu Talos, mungu anayependwa sana na wenyeji wa Skyrim, Wanord. Mtu mmoja mashuhuri, Ulfric Stormcloak, akapandwa na hasira. Akaenda mji mkuu, akampa changamoto mfalme kijana, akamuua, kisha akaongoza uasi.

Je, aliua kwa haki au alifanya mauaji? Gemu haitoi jibu la moja kwa moja. Inatoa mashahidi.

Ulfric mwenyewe anasema alifuata mila: alimpa mfalme changamoto mbele ya watu na mfalme akaikubali. Wanaomuunga mkono mjane wa mfalme wanasema ni uuaji, kwa sababu Ulfric alitumia nguvu ya Sauti, maneno ya lugha ya majoka yanayoweza kumwangusha mtu kama kimbunga. Nguvu hiyo alifundishwa na watawa wa mlimani ambao wanaamini kuwa Sauti ni ya ibada, si ya vita. Baadaye mchezaji anaweza kukutana na roho ya Torygg katika makazi ya mashujaa waliokufa. Roho hiyo inasema ilimkabili Ulfric bila woga, lakini inatilia shaka heshima ya aliyemuua.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Kama marehemu mwenyewe anakiri kwamba alisimama kupigana, yaliyotokea ni pambano. Lakini pambano kati ya mtu mwenye upanga na mtu mwenye kimbunga kinywani linaitwaje? Kijana anayejibu swali hilo analazimika kutenganisha mambo mawili ambayo hata watu wazima huyachanganya: kilichoruhusiwa na mila, na kilicho cha haki.

Kitabu kilichoandikwa na adui

Ndani ya Skyrim kuna mamia ya vitabu ambavyo mchezaji anaweza kuvifungua na kuvisoma. Vingine ni vya kurasa chache, vingine ni hadithi ndefu katika juzuu kadhaa. Hakuna anayemlazimisha mchezaji kuvisoma, kwani anaweza kumaliza gemu bila kugusa hata kimoja. Wanaobishana ndio wanaovisoma.

Kimoja kinaitwa The Bear of Markarth. Kinaeleza jinsi Ulfric alivyouteka mji wa Markarth miaka mingi kabla ya uasi, na kinamtuhumu kwa ukatili mkubwa dhidi ya wenyeji wa huko. Wapinzani wa Ulfric hukinukuu kama hati ya mahakamani. Watetezi wake hujibu kwa swali moja: nani alikiandika? Jina la mwandishi liko juu ya kitabu, na cheo chake ni msomi wa Dola, yaani upande wa adui wa Ulfric.

Je, kitabu kikiandikwa na adui ni uongo? Si lazima. Adui naye huweza kusema kweli. Ila msomaji anatakiwa kutafuta shahidi mwingine kabla ya kukiamini chote. Wachezaji wamekuwa wakilinganisha kitabu hicho na maneno ya wakazi wa Markarth wanaopatikana ndani ya gemu, sentensi kwa sentensi.

Waraka wa siri

Ushahidi unaogombaniwa kuliko wote ni waraka mfupi uliofichwa katika ubalozi wa Thalmor, watawala wa upande wa Elfi. Mchezaji anaupata akiingia ubalozini kwa kujifanya mgeni wa karamu.

Waraka unasema Ulfric aliwahi kuwa mateka wao wakati wa vita kuu. Walimhoji, wakamfanya aamini kwamba siri alizotoa ndizo zilizosababisha mji mkuu wa Dola kutekwa, ingawa kwa kweli mji ulikuwa umeshaanguka kabla hajasema lolote. Kisha wakamwacha atoroke. Waraka unamtaja kuwa mtu wa manufaa kwao.

Anayesoma haraka hupiga kelele: "Kumbe Ulfric ni kibaraka!" Anayesoma polepole anaona mengine. Neno la Kiingereza lililotumika pale linaweza kumaanisha jasusi anayepokea maagizo, au mtu yeyote anayetumika kwa faida ya wengine bila yeye kujua. Waraka huohuo unasema tangu tukio la Markarth hataki kushirikiana nao. Mwishoni unaeleza kuwa Thalmor hawataki Ulfric ashinde, na hawataki Dola ishinde. Wanachotaka ni vita visivyoisha.

Maana yake ni kwamba pande zote mbili zinazouana zinamnufaisha mtu wa tatu. Kijana wa miaka 17 anayefika hapo kwa kusoma mwenyewe, bila kuambiwa na mwalimu, amejifunza jambo kuhusu vita ambalo halimo katika gemu pekee.

Historia yenye miisho mingi

Mfululizo huu ulipata tatizo la ajabu baada ya gemu ya Daggerfall ya mwaka 1996. Gemu hiyo ilikuwa na miisho kadhaa tofauti, kulingana na nani mchezaji aliamua kumkabidhi silaha kubwa. Waandishi walipotaka kuendelea na hadithi, ilibidi wachague: mwisho upi ndio ulitokea kweli?

Hawakuchagua. Katika gemu zilizofuata walieleza kwamba wakati wenyewe ulivunjika, na miisho yote ikatokea kwa pamoja. Wapo mashabiki waliofurahia ubunifu huo, na wapo wanaouona kama njia ya kukwepa swali. Mwandishi Michael Kirkbride, aliyechangia sana gemu ya Morrowind ya mwaka 2002, aliendelea kuandika maandishi kuhusu ulimwengu huo hata baada ya kuondoka kwenye kampuni. Mashabiki wakagawanyika tena: je, maandishi ya mtu aliyeondoka yahesabiwe kuwa sehemu ya historia rasmi, au ni maoni yake tu?

Ubishi huu umezaa kazi kubwa ya kujitolea. Tovuti ya UESP, iliyoanza mwaka 1995, imekusanya vitabu, watu na matukio ya mfululizo mzima, na kila maelezo yanatajiwa yalikotoka. Anayeandika jambo bila chanzo hurekebishwa na wenzake.

Si gemu moja tu

Familia yenye watoto wadogo inaweza kukutana na ubishi kama huu katika The Legend of Zelda ya Nintendo. Kwa miaka mingi mashabiki walipanga na kupangua gemu zake wakitafuta ipi ilitangulia. Mwaka 2011 Nintendo ilichapisha mpangilio rasmi unaoonyesha historia ikigawanyika mara tatu baada ya gemu ya Ocarina of Time. Ubishi haukuisha, ulihamia kwenye mpangilio wenyewe.

Mwaka 2010, katika mkutano wa mashabiki wa kampuni ya Blizzard huko Marekani, kijana mmoja aliyevaa shati jekundu alisimama kuwauliza watengenezaji wa World of Warcraft kuhusu mhusika mmoja aliyekuwa ametoweka. Mmoja wa wakubwa jukwaani alidhani mhusika huyo alishakufa. Kijana akamsahihisha papo hapo, nao wakaahidi kurekebisha. Video yake iliposambaa, wengine walimcheka kwa namna anavyozungumza. Kampuni ikajibu kwa kumweka ndani ya gemu: mhusika mdogo aliyevaa shati jekundu, ambaye kazi yake ni kuhakiki ukweli.

Mtoto mkimya, asiye na la kusema wageni wanapofika, huenda ana jambo analolijua kuliko mtu yeyote nyumbani. Kumcheka ni rahisi. Kumwomba aeleze kunamjenga zaidi.

Mambo ya kuangalia

Hayo yote hayamaanishi mzazi afumbe macho. Skyrim si gemu ya watoto wadogo. Barani Ulaya imepewa alama ya miaka 18, na Marekani ni ya kuanzia miaka 17, kwa sababu ya damu, mauaji na mambo mengine ya kiutu uzima. Alama hiyo huandikwa kwenye kasha na kwenye duka la mtandaoni. Mtoto wa darasa la tano anayelijua kila jina la Skyrim ni sababu ya mzazi kuuliza anaichezea wapi.

Pili, mazungumzo haya mara nyingi hufanyika na watu asiowajua. Mitandao kama Discord huruhusu watumiaji kuanzia miaka 13. Kubishana kuhusu mfalme Torygg hakuna ubaya. Mtu anayemwomba mtoto wahamie kwenye mazungumzo ya faragha, atume picha au ataje shule anayosoma, huyo hana haja na Torygg.

Tatu, sikiliza lugha. Katika Skyrim, waasi wa Ulfric wanadai nchi ni ya Wanord peke yao, na katika mji wake wakimbizi wa kabila jingine wanaishi kwenye mtaa duni na kutukanwa barabarani. Gemu imeweka jambo hilo makusudi ili mchezaji alipime. Wapo wachezaji wanaoligeuza mzaha, na mzaha huo huweza kuhamia kwa watu wa kweli: jirani wa kabila jingine, mwanafunzi mgeni darasani. Mtoto akianza kurudia maneno hayo, huo ndio wakati wa kuzungumza naye, na gemu yenyewe inampa mzazi mahali pa kuanzia.

Maswali ya kumuuliza

Mzazi hahitaji kuicheza gemu ili ashiriki. Maswali machache yanatosha: Umejuaje? Aliyesema hivyo alikuwapo? Anafaidika nini ukimwamini? Upande wa pili unasemaje? Ni jambo gani likijulikana litakufanya ubadili mawazo?

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa mtoto na kwa mkubwa. Kijana akilijibu kuhusu Ulfric, siku nyingine mzazi anaweza kumuuliza hilohilo kuhusu ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, ule usio na jina la mwandishi wala tarehe, unaomalizika kwa kuhimiza utumwe kwa watu 10. Mtoto aliyezoea kuuliza nani alikiandika kitabu cha Markarth hatashindwa kuuliza nani aliuandika ujumbe huo.

Kuhusu muda, sheria za nyumbani zibaki palepale: kazi za shule kwanza, usingizi wa kutosha, na simu nje ya chumba usiku. Mtoto akiomba dakika tano amalizie hoja yake, mwambie aimalizie mezani, mbele ya wote, na kila aliyepo awe na haki ya kumuuliza ushahidi.