Sona yawagawanya wavuvi wa besi: Ushindi ni wa mkono au wa mtambo?

CHIPUKIZI Easton Fothergill alikuwa na umri wa miaka 22 pekee alipowabwaga magwiji wa uvuvi wa ndoano nchini Marekani mnamo Machi 2025.

Katika Ziwa Ray Roberts, jimbo la Texas, kijana huyo wa Minnesota alitwaa taji la Bassmaster Classic kwa samaki 15 wa siku tatu. Jumla ya uzani wao ilikuwa pauni 76 na aunsi 15, karibu kilo 35. Alitia kibindoni Dola 300,000, ambazo ni takriban Sh39 milioni za Kenya.

Rekodi aliyoivunja haikuwa ya mtu wa hivi hivi. Ilikuwa ya Kevin VanDam, bingwa mara nne wa Classic, aliyepima pauni 69 na aunsi 11 mnamo 2011. VanDam alistaafu mwishoni mwa msimu wa 2023, wakati mchezo wenyewe ukiwa umeanza kubadilika kabisa.

Kilichoubadilisha ni sona inayotazama mbele, na mjadala wake umewagawanya mashabiki wa besi kama wa Gor Mahia na AFC Leopards.

Si kwamba sona ni kitu kigeni. Carl Lowrance na wanawe walianza kuwauzia wavuvi wa Marekani mitambo ya kutafuta samaki tangu miaka ya 1950. Lakini mtambo wa zamani ulionyesha kilicho chini ya boti, au kilichokwisha kupitwa. Mvuvi alijua kina na umbo la sakafu ya ziwa, kisha akabahatisha mengine.

Mambo yalibadilika 2018 kampuni ya Garmin ilipoleta LiveScope. Kihisi hufungwa kwenye injini ndogo ya umeme iliyo mbele ya boti. Skrini humwonyesha mvuvi samaki aliye mita 20 au 30 mbele yake, papo hapo, akiogelea. Humwonyesha pia chambo chake mwenyewe kikizama. Akimwona samaki anakifuata halafu anageuka, hubadilisha mwendo, au hukitoa na kutupa kingine. Kampuni pinzani nazo hazikukawia kuleta mitambo yao.

Ili kuelewa kwa nini wakongwe wamechemka, ni lazima kumjua samaki mwenyewe. Besi mwenye kinywa kipana ni mviziaji. Hujificha kando ya gogo, kwenye nyasi za majini au chini ya gati, akingoja windo lipite. Kwa hivyo ujuzi wote wa zamani ulihusu maficho: kusoma ufuo, kujua jua liko upande gani, kukumbuka kwamba majira ya kuchipua dume hulinda kiota kwenye maji ya kina kifupi.

Vifaa vilifuata mantiki hiyo. Mtindo unaoitwa Texas ni mfano mzuri. Chambo laini cha plastiki chenye umbo la mnyoo huvishwa kwenye ndoano, ncha ikafichwa ndani yake ili isikwame kwenye nyasi. Chubwi yenye umbo la risasi hutangulia mbele, ikipenya majani. Mvuvi huburuta polepole, akisikiliza kwa vidole. Mshipi ukigongwa mara moja, anajua si jiwe.

Kwa sona mpya, vijana wamehamia katikati ya ziwa, kwenye maji ya wazi ambako besi huelea wakifuata makundi ya samaki wadogo. Hutumia fimbo nyepesi, mshipi mwembamba na chambo kidogo chenye umbo la dagaa kilichofungwa kwenye ndoano yenye kichwa cha risasi. Hutingisha ncha ya fimbo tu, macho yakiwa kwenye skrini.

Wakongwe wanasema huo si uvuvi bali ni kutazama runinga. Wengine wanahofia samaki waliokuwa salama kwenye maji ya wazi sasa hawana pa kujificha. Na watazamaji nao wanalalamika kwamba mtu aliyeinamisha kichwa siku nzima hachangamshi.

Vijana nao wana majibu. Kumwona samaki si kumnasa. Mara nyingi besi hukikaribia chambo, akakitazama, akaenda zake. Kumshawishi afungue kinywa bado ni kazi ya mkono. Tena, wanauliza, mbona hao wazee hawakulalamikia injini kubwa na ramani za setilaiti?

Hoja nzito zaidi ni ya pesa. Skrini na kihisi chake hugharimu maelfu ya dola, na washindani wengi wamekuwa wakifunga zaidi ya seti moja. Boti mpya ya mashindano yenye injini ya nguvu za farasi 250 inaweza kupita Dola 80,000. Hapo bado ada ya kushiriki, mafuta na malazi. Waswahili walisema dau la mnyonge haliendi joshi, na kwenye maziwa ya Marekani msemo huo umepata maana mpya.

Mwanzo haukuwa hivyo. Ray Scott, aliyekuwa akiuza bima huko Alabama, aliandaa mashindano yake ya kwanza kwenye Ziwa Beaver, Arkansas, mnamo Juni 1967. Wavuvi 106 walilipa Dola 100 kila mmoja. Katika Classic ya kwanza, 1971, washindani 24 walipandishwa ndege bila kujua waendako, wakashushwa karibu na Ziwa Mead, Nevada, na kupewa boti za aina moja. Bobby Murray akaondoka na Dola 10,000. Mwaka uliofuata Scott alianzisha kampeni ya kuwarudisha samaki majini wakiwa hai baada ya kupimwa, desturi ambayo leo hakuna anayeipinga.

Waandaaji sasa wanatafuta njia ya kati. Kwa msimu wa 2025, B.A.S.S. iliwaruhusu washindani wa Elite Series kihisi kimoja tu cha aina hiyo, na ikaweka kikomo cha ukubwa wa skrini zote kwa pamoja. Bass Pro Tour iliigawa siku katika vipindi vitatu, na sona ikaruhusiwa kimoja tu. Ligi ya NPFL yenyewe iliipiga marufuku kabisa.

Hata hivyo, kuna rekodi moja ambayo mtambo haujaigusa. Juni 2, 1932, kijana wa shambani aitwaye George Perry alinasa besi wa pauni 22 na aunsi 4, zaidi ya kilo 10, kwenye Ziwa Montgomery, Georgia. Alikuwa na boti ya kujitengenezea na chambo bandia cha mbao. Familia ilimla samaki huyo.

Miaka 77 baadaye, Julai 2, 2009, Manabu Kurita alinasa mwingine mzito kidogo kuliko huyo kwenye Ziwa Biwa, Japani, kwa kutumia samaki hai kama chambo. Lakini sheria za IGFA hudai tofauti ya angalau aunsi mbili, hivyo wawili hao wakatangazwa sare. Wote walivua kabla ya LiveScope kuwapo.

Kwa Wakenya, besi si mgeni. Aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mnamo 1929, hasa kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Siku hizi nyavu za Naivasha hutegemea zaidi samaki wa kigeni anayeitwa kapu, pamoja na ngege, lakini wapo bado wanaotoka alfajiri na fimbo kumtafuta besi pembezoni mwa mafunjo. Huko hakuna kamati ya kuamua skrini ngapi zinaruhusiwa.