Taka za Vifungashio Mpakani Busia: Mzigo Ni wa Nani?



Mji wa Busia ni mmoja, lakini serikali zake ni mbili. Mtu aweza kunywa chai upande wa Kenya na kununua sabuni upande wa Uganda kabla chai haijapoa tumboni. Neno bodaboda, ambalo siku hizi latumika hadi Kongo na Tanzania, lilizaliwa huku mipakani wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kutoka boda hadi boda. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi na Marais Kenyatta na Museveni tarehe 24 Februari 2018. Hata hivyo, biashara ndogo ndogo bado hupita kwa miguu, kwa baiskeli, na kwa vile vigari vya magurudumu matatu vya ndugu zetu walemavu, ambao kwa miaka mingi wameishika kazi ya kuvusha mizigo.

Makala haya yahusu kitu ambacho wapitaji hao wote hukibeba, na ambacho wengi wetu hukijaza na kukifunga kila siku kazini, lakini ambacho hatukizungumzi mikutanoni. Kitu hicho ni kifungashio: mfuko, pakiti, sacheti, chupa. Tunajadili mshahara, saa za ziada na nyumba za kambini, na ni haki yetu. Lakini katika miaka ya karibuni serikali zetu zimetoa amri kubwa juu ya vifungashio zaidi ya mara moja, na kila mara waliosikia uchungu kwanza walikuwa mfanyakazi wa mashine na mchuuzi wa mpakani.

Tuanze na sacheti, kwa maana hiyo inatufundisha mengi.

Watu wa Tororo na Busia wanaikumbuka vizuri sacheti ya waragi. Ilikuwa ni mfuko mdogo wa plastiki wenye mililita 100 za pombe kali, uliouzwa kwa bei ambayo hata kibarua wa kutwa aliimudu, na uliotosha kufichwa katika mfuko wa sare ya shule. Tanzania waliiita kiroba. Mwenye kiwanda aliipenda kwa sababu rahisi kabisa. Chupa ya kioo ni nzito, huvunjika, na kama ni ya soda au bia hurudi kiwandani ikaoshwa na kujazwa tena. Ndugu zetu waliopata kufanya kazi katika viwanda vya vinywaji wanalijua kreti: mnunuzi aliweka amana, akarudisha chupa tupu, gari lililoleta mali likaondoka na chupa, na kiwandani palikuwa na watu wa kuzipokea, kuzikagua na kuziosha. Kazi hiyo ilikuwa na mshahara. Sacheti iliondoa yote hayo kwa mpigo mmoja. Hakuna amana, hakuna gari la kurudi, hakuna mwoshaji. Wahasibu waliandika kwamba gharama imepungua. Lakini gharama hiyo haikufutwa, ndugu zangu. Ilihamishwa tu kutoka katika vitabu vya kampuni ikatupwa barabarani.

Na barabarani hakuna wa kuiokota. Sacheti nyingi, ziwe za pombe, za kahawa au za sabuni, si plastiki ya aina moja. Ni tabaka kadhaa zilizobandikwa pamoja. Ile ya nje huchapwa rangi na jina, ile ya ndani huyeyuka kwa joto ili mdomo ufungike, na mara nyingi katikati hutiwa utando wa alumini wa kuzuia hewa. Kuzitenganisha tena ni kazi ngumu yenye gharama kubwa. Ndiyo sababu mwokota taka atainama kuichukua chupa ya plastiki, kwa kuwa inanunuliwa kwa kilo, lakini sacheti ataikanyaga apite. Haina bei. Itakaa mtaroni mpaka mvua inyeshe, maji yatuame, mbu wazae. Nasi tunaishi katika ukanda wa Ziwa ambako malaria haina msimu wa kupumzika, na siku ya homa ni siku ya kazi iliyopotea.

Kenya ilipiga marufuku pombe ya sacheti kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile iliyozoeleka kwa jina la Sheria ya Mututho. Uganda haikufanya hivyo wakati ule. Basi kwa miaka kadhaa kitu kile kile kikawa mali halali upande mmoja wa barabara na magendo upande wa pili, umbali wa hatua chache. Haihitaji elimu kubwa kujua kilichotokea. Sacheti zilivuka Busia na Malaba kila njia iliyopatikana. Tanzania ilifunga mlango wake tarehe 1 Machi 2017. Uganda iliamua mwaka huo huo, ikawaongezea wenye viwanda muda, na hatimaye marufuku ikaanza kushika tarehe 1 Juni 2019, pombe kali isiuzwe katika kifungashio cha chini ya mililita 200.

Wenye viwanda wakafanya nini? Wengi walihamia kwenye vichupa vya plastiki. Kwa mtaro ni nafuu kidogo, maana chupa hupata mnunuzi. Lakini plastiki yenyewe ni nzito zaidi kuliko ile ya sacheti, na kreti na amana havikurudi.

Sasa tugeuke kwenye mfuko wa nailoni, ambao Mganda huuita kaveera na Mkenya huuita juala. Hapa magendo yameshika njia ile ile ya Uganda kuja Kenya, lakini kisa kina uzito mwingine kwetu wafanyakazi.

Uganda ndiyo iliyotangulia kunena. Katika bajeti ya mwaka 2007 ilitangaza kuipiga marufuku mifuko myembamba ya chini ya mikroni 30, yaani sehemu tatu za mia moja za milimita. Mwaka 2009 ikatungwa sheria kali zaidi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikasema kwamba kaveera inavunja haki ya raia ya kuishi katika mazingira safi. Mwaka 2015 wakaguzi wakaingia madukani, kisha moto ukapoa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 ikarudi palepale penye mikroni 30. Ukienda sokoni Tororo leo ukanunua nyanya, utapewa kaveera.

Kenya ilijaribu mwaka 2007 na tena mwaka 2011 bila mafanikio. Mara ya tatu haikufanya mzaha. Tangazo la Februari 2017 katika Gazeti la Serikali lilitoa miezi sita, na kuanzia tarehe 28 Agosti 2017 kutengeneza, kuingiza au kutumia mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa kukawa kosa. Adhabu yake ni faini ya kuanzia shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au yote mawili. Mkata miwa na ahesabu mwenyewe ni misimu mingapi ya kazi ingehitajika kulipa faini hiyo.

Hatusemi kwamba marufuku ilikuwa mbaya. Wachinjaji walikuwa wakipasua matumbo ya ng'ombe na kukuta mabunda ya nailoni ndani yake, na mwenye kufuga anajua ng'ombe wa namna hiyo hanenepi wala hatoi maziwa. Mitaro ya miji yetu ilipata nafuu. Mambo mawili tu ndiyo yanatusumbua.

La kwanza ni nani anayekamatwa. Mashine zinazochapa mifuko ziko mbali na mpaka, na wenye mashine hawavuki Busia kwa miguu. Anayevuka ni mama mwenye bunda chini ya kanga na kijana wa bodaboda aliyelipwa nauli ya kuvusha. Hao ndio wanaoikabili ile faini ya mamilioni. Katika mnyororo mzima, kamba imefungwa kwenye pete iliyo dhaifu.

La pili ni habari ya kazi. Mwaka 2017 Chama cha Wenye Viwanda cha Kenya kilisema kwamba makampuni zaidi ya 170 na ajira kama 60,000 zilikuwa hatarini. Hesabu hiyo ni ya waajiri, na mwajiri huhesabu kazi zetu kwa sauti kubwa zaidi siku anapoguswa yeye. Lakini hata tukiipunguza hesabu hiyo, mtu wa mashine ya kupuliza nailoni si hesabu. Alipewa miezi sita, na tangazo lenyewe lilizungumza juu ya mifuko tu. Halikutaja mafunzo ya kazi nyingine wala fidia. Sisi vyama hatukuwa tumejiandaa kuyadai.

Tena kuna mlango ulioachwa wazi. Mfuko unaogusa bidhaa moja kwa moja kiwandani, kama ule wa mkate au wa sukari, uliruhusiwa kwa masharti, likiwemo la kuandikwa jina la aliyeutengeneza. Ndugu wa viwanda vya sukari, mnaifunga mifuko hiyo kila zamu. Kwa hiyo mfuko wa kubebea sukari nyumbani ukapigwa marufuku, na mfuko unaoishika sukari yenyewe ukabaki. Kiwanda hakiwezi kumwaga sukari sakafuni, hilo twalijua. Ila taka ya aina hiyo bado ipo, na sharti la jina ni zuri, kwa sababu juala lenye jina lina mwenyewe.

Huenda msomaji akadhani haya ni matatizo ya nchi maskini. La hasha. Canada ilihalalisha uuzaji wa bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na majimbo kadhaa ya Marekani, kama California, yana maduka yenye leseni. Sheria zao zataka bangi iuzwe ndani ya kopo ambalo mtoto hawezi kulifungua, na Canada iliamuru pia lisiwe la kuvutia na liwe na maandishi ya onyo. Nia ni njema, mtoto asidhurike. Lakini matokeo yake ni kwamba gramu chache za majani makavu huingia katika kopo la plastiki zito kuliko majani yenyewe, pengine na sanduku juu yake. Kuna na kalamu za kuvutia mvuke wa bangi, zenye betri ndani, ambazo zikitupwa pamoja na taka za jikoni zaweza kuwasha moto. Kampuni moja ya huko iliweka mapipa madukani ya kurudishia makopo, baada ya watu kulalamika. Kreti na amana, kwa jina jipya!

Tunalitaja jambo hili kwa sababu liko njiani kuja kwetu. Bangi ya magendo imevuka Busia tangu zamani, na mtu wa kawaida akishikwa nayo hupelekwa jela pande zote mbili. Lakini sheria ya Uganda ya dawa za kulevya ya mwaka 2023 yaruhusu kilimo cha bangi ya matibabu kwa mwenye leseni. Mashamba hayo yatahitaji wavunaji, wakaushaji na wafungaji, na watakaoajiriwa ni watu wetu. Swali la kifungashio lapasa kuulizwa kabla mashine hazijafungwa sakafuni.

Njia ya kuuliza imeanza kufunguka. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Taka mwaka 2022, na mwaka 2024 zikatoka kanuni zinazomtaka anayetengeneza au kuagiza bidhaa ajiandikishe na agharamie ukusanyaji wa kifungashio chake kikishatumika. Waajiri watasema gharama hiyo itawalazimu kupunguza watu. Wakisema hivyo, waonyeshe vitabu. Ada ya kila mfuko yaweza kuhesabiwa, na kazi za kukusanya, kuchambua na kuosha nazo zaweza kuhesabiwa, kama zilivyohesabiwa zamani za kreti. Tena mapatano yetu ya pamoja na waajiri hayana budi kuwa na kifungu kisemacho kwamba kifungashio kikibadilishwa kwa amri ya serikali, walio kwenye mashine ya zamani ndio wa kwanza kufunzwa mashine mpya.

Kwa mkutano ujao wa tawi, kila mjumbe aje na kifungashio kimoja kutoka mahali pake pa kazi. Aulize stoo kimenunuliwa wapi na kwa bei gani, kina tabaka ngapi, kina jina la nani, na kama kuna mtu yeyote mjini anayekinunua kikiwa kitupu. Walio Tororo na Malaba waulize vivyo hivyo upande wao, ili tuyalinganishe majibu.